Tai Aliyesafishwa

Rukia aliniletea ile picha imefungwa kwa leso, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa ametoka Homa Bay asubuhi, na alipoingia studioni kwangu hapa Migori alinikuta na wanafunzi wa picha za pasipoti, wanachekana masikio na kugombania kioo. Aliketi kwenye benchi akangoja mpaka wa mwisho akatoka. Baba yake, Mzee Abdalla, alikuwa amezikwa majuma machache nyuma. Mimi sikwenda mazikoni, na sitasingizia kazi. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha ufundi unaonilisha mpaka leo, lakini tangu nitoke mikononi mwake tulikuwa tumeonana mara chache tu, tukisalimiana kama watu wanaopishana mlangoni mwa benki.

“Anti Akinyi,” Rukia akasema, akifungua fundo la leso, “arobaini ya Baba imekaribia. Tunataka hii itundikwe sebuleni, pale wageni wataketi. Lakini imechakaa, si unaona? Isafishe kwa kompyuta. Toa hayo madoa, na huu mkwaruzo hapa chini.”

Niliitazama, na kinyaa kikanipanda, kilekile cha zamani, hakijapungua hata punje. Pengine nawe umeiona picha hiyo. Ni ya furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa na kifua cheupe, amefungua mabawa mpaka yanakaribia kugusa pande zote mbili za karatasi. Maji yanaruka kumzunguka, mdomo uko wazi, na makucha yamezama kwenye mgongo wa ngege mnene, yule samaki wetu wa ziwani. Iliwahi kutolewa kwenye kalenda, na kalenda ikaenea huku kwetu kama magugu ya ziwani. Nimeiona kwenye bucha, ukurasa umejaa matone ya damu. Nimeiona ofisini kwa chifu, miaka mingi baada ya mwaka wake kupita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya zahanati nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, “Ona nguvu ambazo Mungu alimpa huyo ndege, yawa.” Nilitoka nje nikatema mate. Watu walidhani nina mimba.

Mwaka niliokuwa kwa Mzee Abdalla ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimemaliza shule tu, nimetoka Uriri na begi moja. Studio yake ilikuwa kwenye safu ya maduka ya mabati karibu na soko la Homa Bay. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia picha, na ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kando ya maporomoko hayo ndege ya abiria imetua juu ya nyasi. Wateja walipenda kusimama wameshika ngazi ya ile ndege ya kuchorwa. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa stoo ya makaa, na ukikigusa ukuta bado mkono ulitoka mweusi. Humo ndimo tulimosafisha filamu na kuchapa picha chini ya balbu nyekundu, katika harufu ya dawa iliyokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Ukivuka chumba hicho unatokea uani, alipokuwa akipika Bi Mwanahawa, mke wa Mzee. Wote wawili walikuwa watu wa Pwani, na nazi zao zililetwa kwa basi. Mimi niliyezoea ngege wa kuchemshwa kwa nyanya na chumvi nilikutana pale na ngege wa kupaka, na kwa mara ya kwanza maishani nililamba sahani mbele za watu. Bi Mwanahawa alicheka akasema, “Muacheni mwanangu, hajaiba.”

Kazi iliyotulisha haikuwa harusi wala picha za shule. Miaka ile watu walikufa sana huku kwetu, na ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Familia zilikuja zikitaka picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, na mara nyingi picha iliyokuwapo ilikuwa ya mwisho, mtu amelala, mashavu yameingia ndani, macho yamefumba. Nikiwa chumba cha giza niliyasikia mazungumzo yao kupitia ukuta wa mbao. “Muongezee shavu, Mzee. Alikuwa mtu mnene huyu.” “Muweke tai.” “Hakuwahi kuvaa tai, acheni uongo.” “Sasa atavaa. Wakwe wanakuja.” Mzee Abdalla aliwasikiliza wote, akaketi dirishani penye mwanga na brashi yake ndogo yenye nywele chache, na taratibu akamfumbua marehemu macho. Nilimwona akifanya hivyo tena na tena na sikuchoka kutazama. Mjane mmoja alipokabidhiwa picha alikaa nayo mapajani akazungumza nayo kwa Dholuo mpaka chai ikapoa, na Mzee, ambaye Dholuo yake ilikuwa ya sokoni tu, akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Brashi ile aliilamba. Hivyo ndivyo mafundi wa zamani walivyofanya. Unachovya kwenye wino, unaipitisha ulimini ili nywele zishikane ziwe na ncha, na mate yenyewe yanapunguza ukali wa wino ili ushike kwenye karatasi. Mara ya kwanza kuona nilitaka kutapika, kwa sababu ulimi wake ulikuwa na mstari mweusi katikati usiotoka. Baada ya muda nami nikawa na mstari wangu. Alinikabidhi kwanza madoa ya vumbi kwenye pembe za picha, baadaye kola za mashati, baadaye nywele. Nyuso hakunipa. Alisema nyuso nitapewa siku mkono wangu utakapokuwa umetulia, na kwamba siku hiyo nitapewa na brashi yenyewe, kwa sababu Rukia alikuwa bado anatambaa na yeye hakuwa na mwingine wa kumrithisha. Hicho ndicho nilichokitaka mwaka ule. Sikutaka mume, sikutaka Nairobi. Nilitaka brashi iliyokwisha kulambwa na mtu mwingine, na leo nikiyaandika haya mwili unanisisimka.

Kila picha iliyoharibika tangu kupigwa, yenye mwanga mbovu au mtu aliyetikisika, Mzee aliirudisha akisema, “La kuvunda halina ubani.” Ukivuta udi juu ya nyama iliyooza, alisema, unapata harufu mbili badala ya moja. Nilimwamini.

Ndipo akaja Reuben. Alikuwa mpiga picha kutoka Nairobi, ametumwa kupiga ndege wa ziwani kwa ajili ya kalenda, na alitaka chumba cha giza cha kukodi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye vizibao vyenye mifuko kila mahali, na lenzi ndefu kama mchi. Nitasema ukweli wake kwanza: kazi aliijua. Alinichukua kwenye mashua ili nimbebee begi na kumbadilishia filamu, naye Mzee akakubali, akasema nikajifunze. Siku za mwanzo nilimpenda. Tulikaa kwenye matete asubuhi nzima tukimsubiri mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani pasipo kushikilia kitu, mabawa yanapiga mpaka huyaoni, kisha anaanguka majini kama jiwe. Reuben alinifundisha kutomfuata ndege kwa jicho bali kuelekeza lenzi pale atakapofika. Alipobonyeza alikuwa ameshatoa pumzi yote. Filamu zilikwenda, na katika filamu nzima mara nyingine tulipata picha moja, na hiyo moja ukiitazama ndani ya dawa, mdiria anatokea polepole kwenye karatasi nyeupe, tone la maji liko kwenye ncha ya mdomo wake, unasahau njaa.

Lakini mashua hiyo ilinuka. Mwenye mashua alikuwa Odongo, kijana wa ufukweni aliyejua kumwita tai. Alichukua samaki mdogo aliyekufa, akamsokomeza mdomoni kipande cha moyo wa togo, ule mmea wa kinamasini mwepesi kama boksi, ili samaki aelee, kisha akapiga mluzi na kumrusha. Tai aliyekaa juu ya mti uliokauka aliuinua mwili, akaja chini kwa mstari mmoja, akamchukua. Samaki wa kazi hiyo walikaa juani kwenye karai. Walivimba, wakatoa maji, nzi wakatuandama mpaka katikati ya maji. Reuben alikula mayai ya kuchemsha kwa mikono iliyotoka kwenye karai hilo. Akamaliza, akapenga kamasi kwa leso, akaikunja upande mwingine, akafutia lenzi. Nilisema moyoni, mtu anayefuta jicho lake kwa kamasi ataona nini?

Tatizo lake lilikuwa tai. Picha za kalenda nzima alikuwa nazo: ndege mwari wakitua, mnandi wakianika mabawa. Tulifika hata Remba, kisiwa ambacho mabati yamegusana na watu wanapishana kwa mabega, kupiga mwewe wakiiba omena kwenye nyavu za kuanikia. Huko alielekeza lenzi juu daima, asipate bati wala mtu wala kamba ya nguo, na kama kichwa cha mtu kiliingia alisema, “Hiyo tutakata kwa darkroom.” Ila tai wa jalada la kalenda alimshinda. Tai alikuja haraka, akachukua, akaondoka, na kila picha ilikuwa na bawa lililokatika au kichwa kilichofichwa. Akishashiba haji tena. Reuben aliumwa na jambo hilo. Alilala nalo, akaamka nalo, akawa hacheki.

Asubuhi moja alikuja ufukweni na nailoni ya kuvulia mbuta, wale samaki wakubwa, ile nene. Akamchukua ngege mkubwa, akamtoboa kwenye mashavu, akapitisha nailoni mizunguko kadhaa, na upande wa pili akafunga jiwe.

“Hii ni ya nini, omera?” Odongo akauliza.

“Ya kumchelewesha tu. Avute kidogo. Akivuta, mabawa yanafunguka.”

“Na asipoachia?”

“Ataachia. Ndege si mjinga.”

Odongo alinitazama, nami nikamtazama. Tulijua sote wawili kwamba tai haachii. Anayeishi ufukweni amewaona wakizama na samaki aliyewazidi nguvu badala ya kumwachia. Nilisema, “Bwana Reuben, hao hawaachiangi.” Alinijibu nishike begi vizuri lisilowe.

Tai alikuja. Alimshika ngege, akapiga mabawa kuinuka, na jiwe likamrudisha. Akapiga tena. Makucha yalikuwa yameingia katikati ya ile mizunguko ya nailoni, na kila alipojivuta ilikaza. Maji yaliruka pande zote. Alifungua mdomo akalia, si ule wito wao unaojulikana ziwa zima, bali kitu kifupi kilichokatika katikati, na mwenzake kule juu ya mti akamjibu kwa wito mzima, tena na tena. Nyuma yangu kamera ililia kama cherehani. “Safi,” Reuben alikuwa anasema. “Safi, safi. Kaa hapo. Safi sana.”

“Kata kamba!” nikapiga kelele. “Odongo, kata!”

“Ngoja bado! Light imekuja sasa hivi!”

“Wuololo! Hiyo ndege inakufa, wewe!” Odongo akafoka. Alishatoa kisu lakini mashua ilibidi isogee, na kasia lilikuwa upande wa Reuben, amelikalia. Alilikalia mpaka filamu ikaisha. Kisha akaniambia nimbadilishie nyingine. Niliiacha ile filamu ianguke ndani ya karai la samaki waliooza, na hiyo ndiyo iliyomfanya asimame, akitukana, na Odongo akalipata kasia. Alikata nailoni pale alipoweza kufika, karibu na jiwe. Tai aliinuka kwa shida, amelowa, akaburura ngege na kipande kirefu cha kamba mpaka kwenye matete, na hatukumwona tena siku hiyo. Reuben alikuwa anacheka peke yake. Njiani kurudi alikula yai.

Picha ilipotokea kwenye dawa, Mzee Abdalla aliinamia kuitazama. Ilikuwa ndiyo hiyo unayoijua. Ila kutoka kwenye mguu wa tai kwenda majini kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka, unang'aa kwa jua, kama umepigwa kwa rula. Reuben alimweka Mzee mkono begani. “Huo tu, Mzee. Nimeambiwa nchi hii hakuna mkono kama wako. Utoe huo mstari, halafu tunaipiga picha upya hiyo karatasi, basi, hakuna mtu atajua.” Akaondoka kwenda Nairobi kupanga mambo ya uchapishaji, akasema atarudi kuichukua.

Nilimweleza Mzee kila kitu tukiwa uani, Bi Mwanahawa akisikiliza na mwiko mkononi. Sikuficha hata yai. Nilimaliza nikamwambia, “Na wewe ndiye unayesema la kuvunda halina ubani.”

Alichambua mwiba wa samaki kwenye sahani.

“Akinyi, mwanangu,” akasema, “wale maiti tunaowafumbua macho, umewahi kuniambia ni uongo?”

“Wale walikufa wenyewe, Mzee.”

Bi Mwanahawa akasema, “Haya, umejibiwa.” Mzee akainuka na sahani yake akaenda ndani.

Nilidhani nimeshinda. Kesho yake nilimkuta dirishani, picha imebanwa kwenye ubao, wino umepangwa kwenye visahani kutoka mweusi mpaka kijivu cha maji. Alikuwa ameshaanza. Ninachokumbuka kwa uchungu ni jinsi alivyokuwa na furaha. Miaka yote alikuwa amechora mashavu ya watu waliokufa na tai za watu wasiovaa tai, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mkono wake haukuwa na mfano. Sasa alikuwa amepewa maji: mawimbi, matone, povu, kivuli cha bawa juu ya maji. Alipiga mluzi akifanya kazi. Kijivu baada ya kijivu, tone baada ya tone, mstari ulikuwa unaingia majini na kupotea, na pale ulipopotea palizaliwa wimbi, na wimbi hilo lilikuwa zuri kuliko mawimbi ya kweli yaliyokuwa pembeni yake. Ningependa kusema alifanya vibaya. Alifanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya, na nilisimama nyuma yake nikaona, na nilichukia macho yangu kwa kupendezwa.

Siku mbaya ilikuwa ile Odongo alipokuja. Hakuingia, alisimama mlangoni kwa sababu miguu ilikuwa na matope. “Nyar Uriri,” akaniita, yaani binti wa Uriri, maana hakuwahi kuniita jina langu, “njoo uone. Ile ndege yetu imenyongwa kwa mti.” Akaeleza mbele ya Mzee. Kamba iliyobaki mguuni ilikuwa imezunguka tawi la ule mti uliokauka, na tai alikuwa ananing'inia kichwa chini. Alikuwa hapo tangu juzi. Vijana walitaka kupanda, tawi likalia, wakaogopa. “Mwanzo ilikuwa inapiga mabawa. Jana imepiga kidogo. Leo imenyamaza. Na ile ingine imekaa tu hapo karibu, inaita.”

Mzee Abdalla alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na brashi mkononi. Nilikuwa namtazama yeye, si Odongo. Aliipitisha ulimini, polepole, akaizungusha kupata ncha, akageukia picha akaweka doa.

“Innalillahi,” akasema. “Kiumbe masikini.” Akaweka doa jingine.

Nilikwenda na Odongo nikaona. Sitaeleza sana. Mabawa yalikuwa yamefunguka kwa uzito wake yenyewe, yamefunguka kabisa, kama kwenye picha. Siafu walikuwa wamepanda mti. Upepo wa ziwani ulimgeuza huku na huku, mara akinionyesha mgongo, mara kifua kile cheupe, na harufu ilikuwa ileile ya karai la mashuani. Nilirudi mjini kwa miguu na harufu hiyo nikaingia nayo studioni.

Mzee alikuwa ananingoja. Kwenye picha palikuwa pamebaki kipande kimoja tu cha mstari, pale chini ya mguu, kirefu kama ukucha. Alikuwa amekiacha kwa makusudi. Alisimama, akanipisha kitini, akaninyooshea brashi kwa mikono miwili.

“Mkono wako umetulia sasa,” akasema. “Hapa pagumu kuliko uso. Maliza wewe. Brashi ni yako.”

Alimaanisha heshima. Hilo ndilo ambalo sijaweza kumweleza mtu akalielewa. Alikuwa hanitegi wala hanishirikishi dhambi. Alikuwa ananipa kitu bora kabisa alichokuwa nacho, siku aliyoona mimi nimehuzunika, ili anifurahishe. Niliketi. Niliichovya. Nikaipeleka mdomoni kama nilivyozoea, na ilipogusa ulimi nikapata ladha ya mate yake bado yana joto, na juu yake ile harufu ya mtini, na nikatapika palepale, kwenye kisahani cha wino wa kijivu, kwenye sketi yangu, kwenye viatu vyake. Picha haikuguswa. Kitu cha kwanza alichofanya Mzee ni kuinyanyua picha.

Nilimwona akifanya hivyo, naye akaona kwamba nimemwona. Niliosha sakafu, niliosha viatu vyake, nikaiweka brashi kwenye kikombe chake, na kile kipande cha mstari akakimaliza mwenyewe. Nilimaliza mwezi nikiosha filamu tu, na mwaka ulipoisha nilikuja Migori. Tangu siku hiyo sijalamba brashi. Nilitumia kitambaa chenye maji, watu wa ufundi wakanicheka, mpaka kompyuta ikaja ikatusahaulisha sote.

Rukia alikuwa amemaliza soda niliyomwagizia. Nilikuwa nimeigeuza picha kwenye mwanga wa dirisha, nikiinamia ile sehemu ya chini ya mguu. Karatasi ilikuwa ileile ya kwanza, ile ya brashi. Reuben alichukua nakala yake tu, hii ikabaki kwa Mzee; kalenda zote zilichapwa kutoka kwenye nakala hiyo, na kwenye kalenda maji ni maji tu. Lakini wino wa kupaka si sawa na picha yenyewe. Jua huula. Wino wa Mzee ulikuwa umefifia mwaka baada ya mwaka ukutani pale, mawimbi yake mazuri yameondoka moja moja, na chini yake mstari umetokea tena. Haukuwa mweupe kama zamani. Ulikuwa na rangi ya chai, lakini umenyooka vilevile, kutoka mguuni mpaka majini.

“Huu mkwaruzo,” Rukia akasema, “mwanzo haukuwapo. Mimi nikiwa shule ya msingi haukuwapo. Halafu ukaanza kidogo kidogo. Nilimwambia Baba airekebishe, yeye si fundi? Angemaliza kwa dakika mbili. Akakataa. Macho yalikuwa bado mazima wakati huo, Anti, alikuwa anachorea watu picha zingine. Hii hapana. Nikamwambia basi tuitoe juani, akakataa pia. Uzeeni alikuwa anavuta kiti anakaa hapo mbele, anaangalia tu. Mama alikuwa anamwambia, ‘Unatazama nini, ndege hajaruka bado?’”

Nilimwambia arudi baada ya siku mbili, na akaenda kulala kwa rafiki yake.

Sitaki mtu adhani moyo wangu ulilainika. Kinyaa hakikuondoka. Nilipoikuza ile picha kwenye kompyuta na kuona ule mdomo uliofunguka, ambao nchi nzima ilidhani ni wa ushindi, nilisukuma kiti nikaenda kunywa maji. Nilimkasirikia Mzee upya, sasa kwa kukaa miaka yote hiyo mbele ya karatasi kama mtu anayengoja aulizwe, na asinipigie hata simu moja. Kutoka Homa Bay kuja Migori si safari. Na nilijikuta nikiwaza jinsi alivyovuta kile kiti, mzee mwenye mstari mweusi ulimini, akiutazama ule mwingine ukirudi, akiwa na brashi ndani ya kikombe na mkono ambao bado umetulia.

Nilitoa madoa ya ukungu. Nilitoa alama za nzi, nikaziba pembe iliyoliwa na mende, nikarudisha weusi wa mabawa. Ilipofika zamu ya mstari, nilisogeza mshale wa kompyuta mpaka juu yake. Siku hizi ni kubofya tu. Hakuna wino wala mate. Nilikaa hapo mpaka kioo kikazima chenyewe, nikakiwasha tena, nikachapa.

Rukia aliipokea kwa mikono miwili, akafurahi, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kisha akageuka.

“Imetoka vizuri sana, Anti. Ila umesahau mkwaruzo.”

“Sijasahau,” nikamwambia. “Huo si mkwaruzo, mwanangu. Ni kamba. Vuta kiti.”